Makaa Yaliyokunywa Maziwa

Sifa ni zake Mungu, Mchoraji wa kwanza, aliyetuokota mavumbini akatupa kila mmoja sura yake, na hata pacha hakuwachora wakafanana kiasi cha kumshinda mama yao. Ninamshukuru kwa mkono huu, ingawa siku hizi unatetemeka, na kwa macho haya, ingawa yanaomba miwani. Tena ninamshukuru kwa ajili yenu, wanangu, mnaokuja kila Jumamosi kwenye ukumbi wa kanisa hapa Merigi kujifunza kuchora kwa makaa, na hali mngeweza kulala.

Juma lililopita mmoja wenu aliuliza kwa nini mezani kuna kikombe cha maziwa ambacho hakuna mtu anayeruhusiwa kukinywa. Mkacheka, mkasema mimi, Mama Kemunto, ninaficha chai yangu. Nikasema nitawaandikia jibu, kwa kuwa ni refu, na nikilisimulia pale ukumbini watu wa kwaya watanikatiza kabla sijafika katikati. Basi someni.

Sikuja nchi hii ya chai nikiwa mchoraji. Nilikuja kutoka Kisii, nimeolewa juzi juzi, nikimfuata mume wangu aliyekuwa akichuna majani kwenye shamba moja upande wa Kericho. Nami nikafungwa kikapu mgongoni, nikachuna. Msimu wa kupogoa ukifika, mistari mizima ya chai hukatwa, na sisi wanawake tuliruhusiwa kubeba vile vijiti tukapikie. Mti wa chai ni mgumu, unawaka polepole. Asubuhi nikizoa jivu nilikuta vijiti vingine havikuungua hadi mwisho. Vilikuwa vyeusi tii, vyepesi kama unyoya, na ukivigonga vinalia kama glasi. Nikashangaa: kitu kilichopita motoni kinawezaje kubaki na umbo lake, hata mafundo yake yakaonekana? Nikajaribu kimoja ukutani. Nikachora kuku. Nikachora jembe. Siku nyingine nikamchora nyapara wetu, mashavu yamejaa upepo kama kawaida yake.

Yule nyapara hakuuona ukuta ule, Mungu ni mwema. Aliyeuona ni Mzee Ombati, fundi wa rangi wa kambi, aliyeandika namba za nyumba na vibao vya kuwakataza watu kuosha nguo mferejini. Alikuwa mtu wa kwetu, mrefu, mwenye kofia iliyojaa matone ya rangi za miaka yote. Alisimama mlangoni pa jikoni akatazama.

"Huyu ni nyapara," akasema.

"Si yeye, Mzee."

"Ni yeye. Hata kikohozi chake nakisikia. Lakini umemnyima shingo, dada. Kichwa umekiweka juu ya koti kama sufuria juu ya mafiga. Kesho ukuje na hivyo vijiti vyako."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kufundishwa. Na nilidhani nitafundishwa kuchora, kumbe kwanza nilifundishwa kupika. Mzee Ombati aliniambia nichague vijiti vya chai vilivyonyooka, unene wa kidole changu kidogo, nivimenye ganda, nivipange wima ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia mpaka kisibaki cha kucheza. Kifuniko kitobolewe tundu moja kwa msumari. Mkebe uwekwe motoni. Moshi utatoka tunduni, mweupe na mzito, kisha utapungua, kisha utakoma. Hapo unautoa, unauacha upoe.

"Upoe kabisa," akasema. "Ukiugusa na shavu usishtuke."

Mimi udadisi ulinizidi. Mkebe ulikuwa bado moto nilipoinua kifuniko nikachungulia kidogo tu, nione vijiti vinaendeleaje. Vilikuwa vizuri sana. Vilipoipata hewa vikaanza kung'aa vyekundu mbele ya macho yangu, kimoja baada ya kingine, na nilipovimwagia maji vilikuwa vimekwisha. Mzee Ombati alikuja akaangalia ndani ya mkebe.

"Hongera," akasema. "Umetengeneza jivu. Jivu tunalo."

Kwa hiyo ninapowapiga mikono nyinyi mnaofungua mikebe mapema, msinikasirikie. Ninaipiga mikono yangu ya zamani.

Baada ya kupika ndipo akanifundisha kutazama. Aliniketisha mbele ya mtu yeyote aliyekubali kukaa kimya, akasema, "Fumba macho nusu, kama mtu anayesikiliza mahubiri marefu." Ukifumba nusu, mambo madogo yanapotea na vivuli vinabaki. "Pua haina mistari," akasema. "Chora kivuli chake, pua itakuja yenyewe. Haipendi kuitwa kwa jina." Nilimcheka, lakini nendeni mjaribu. Mimi nimejaribu maisha yangu yote na bado ninashangaa kila pua inapokuja.

Karatasi yetu ilikuwa mifuko ya chai iliyopasuka, ile ya kaki yenye tabaka nyingi. Tabaka la ndani ni safi na lina ukwaruzo kidogo, na makaa hupenda ukwaruzo. Karatasi ya manila inateleza. Kifutio chetu kilikuwa ugali baridi, uliokandwa mpaka ukawa laini. Ugali wa mahindi unainua makaa bila kuchafua. Ule wa wimbi unainua pia, lakini unaacha rangi yake, na mtu unayemchora anageuka kama aliyepakwa matope. Na vifutio vyangu vingi vililiwa na kuku. Siku moja nilikuwa namalizia uso wa mchungaji mmoja aliyekuwa anastaafu, kuku wakala ugali wote, nikaona chapati juu ya sahani. Nikaikanda, nikamfuta mchungaji kidevu. Kidevu kikafutika vizuri. Kisha nikaona kinaanza kung'aa. Mafuta ya chapati yalikuwa yameingia kwenye karatasi, na kila nilichoandika juu yake kiliteleza. Waumini waliipokea picha wakasema mchungaji wetu ametoka jasho kwa kuhubiri. Wakaitundika. Lakini mimi nilijifunza kwamba makaa na mafuta hawaishi nyumba moja, na ningelikumbuka somo hilo vizuri ningejiokolea taabu ninayotaka sasa kuwaeleza.

Mume wangu alipoacha kazi ya shamba tulihamia hapa Merigi, nikapanga chumba kidogo kando ya kinyozi. Simu zenye kamera zilikuwa hazijawafikia watu wetu. Mtu alipofariki, mara nyingi picha pekee iliyokuwepo ni ile ndogo ya kitambulisho. Familia ilimletea Mama Kemunto kile kitambulisho, naye akaukuza uso kwenye karatasi kubwa, ukatiwa kioo na fremu, ukatundikwa sebuleni. Hiyo ndiyo kazi iliyonisomeshea watoto. Siri ya kuzifanya picha zile zisifutike ilikuwa kioo tu. Makaa ni vumbi, wanangu. Hayajashika karatasi, yameikalia, kama ndege alivyokalia waya.

Ndipo akaja Bot Chebet.

Bot Chebet maana yake ni mama yake Chebet, ndivyo Wakipsigis wanavyomwita mwanamke kwa heshima. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kufika ng'ambo ya bonde, na maziwa yake ya mursik, yale yanayoivishwa kibuyuni, yalijulikana. Hakuna sherehe hapa ambayo kibuyu chake hakikufika. Mumewe, Baba Chebet, alikuwa amefariki. Bot Chebet aliniletea kitambulisho cha mumewe, nikachora, nikamrudishia kwa sababu kilitakiwa kurudishwa serikalini kama ilivyo desturi mtu akifa. Wakazika. Baadaye akaja kuchukua picha.

Niliisimamisha juu ya kiti. Akaitazama, kichwa ameinamisha upande mmoja. Nami nikageuka kuchukua kioo.

Nilipogeuka tena alikuwa amenyoosha mkono anampapasa mumewe shavu, taratibu, kama unavyompangusa mtoto uji. Sikuwahi hata kusema neno. Shavu lote la kushoto likatoka kwenye karatasi likaingia kiganjani mwake.

Akatazama kiganja. Akatazama picha.

"Nimemfuta," akasema. Ile sauti ya kufika ng'ambo ya bonde ilikuwa imekuwa ndogo. "Mama Kemunto, nimemfuta mzee wangu."

"Nitamrudisha, Bot Chebet. Lete ile picha nyingine tu, yoyote."

"Ni gani? Kitambulisho kimeenda. Nyingine hakuna. Yule alikuwa anaogopanga kamera kama sindano. Harusi ya Chebet alisimama nyuma ya mtu mnene."

Nikamwambia asihofu, macho yapo, paji lipo, shavu la kulia lipo. Nitajaribu kulirudisha la kushoto, kisha tutaweka kioo, na hatafutika tena.

"Kioo?" akasema. "Nimsalimie mzee wangu kama mtu wa benki, yeye ndani mimi nje? Hapana. Miaka yote nilikuwa namshika hapa asubuhi nikimwamsha aende kukamua. Kama siwezi kumshika, basi wacha tu nibaki na jina."

Akaenda, picha akaniachia. Hebu fikirini nilichobaki nacho. Uso pekee wa mtu uliobaki duniani, nusu yake imekwisha, na mjane wake anataka kuugusa. Nikiurudisha vizuri kama nini, mara ya kwanza akiugusa utaondoka tena, na safari ile nisingekuwa na nusu ya kuanzia. Niliomba. Sikuomba muujiza, niliomba nionyeshwe kitu kinachofanya vumbi lishike.

Mzee Ombati alikuwa amesharudi kwao Kisii, na najua angesema kioo. Kinyozi jirani yangu alisema nipake vanishi ya mbao. Sikuthubutu kumpaka Baba Chebet, nikachora jogoo nikampaka yeye. Jogoo akageuka rangi ya kahawia na makaa yakachuruzika naye.

"Sasa huyo amekaangwa," akasema kinyozi. "Lete ugali."

Nikaenda nyumbani kwa Bot Chebet bila jibu. Nilitaka kumwomba tu anieleze lile shavu. Nilimkuta nje amezungukwa na vibuyu. Kama hamjawahi kutazama kibuyu cha mursik kikiandaliwa, mmekosa. Alikuwa na vijiti vya senetwet, ule mti wa maua ya manjano unaoota kando ya njia, anavichoma ncha mpaka ziwe makaa mekundu, anavitia ndani ya kibuyu, kisha anayasaga makaa ukutani mwa kibuyu kwa ufagio mrefu wa ukindu uitwao sosiot. Ndani kote kunakuwa kweusi. Ndipo maziwa yaliyochemshwa na kupoa hutiwa, yakalala humo mpaka yaive.

Mimi nilikuwa nimeyanywa maziwa yale miaka mingi, na sikuwahi kujiuliza. Siku ile nikajiuliza. Kibuyu kinatiwa maziwa, kinatikiswa, kinamiminwa. Mbona maziwa hayatoki meusi kama wino?

"Bot Chebet," nikasema, "naweza kutia kidole?"

"Wewe ni mtoto? Tia."

Nikatia kidole kwenye kibuyu alichokuwa akikisaga. Kikatoka cheusi. Akanisogezea kingine, kilichomiminwa asubuhi hiyo. Nikatia kidole, nikasugua. Kikatoka safi. Nikasugua tena kwa nguvu. Safi.

"Haya si makaa yale yale?"

"Ni yale yale. Lakini haya ya hapa yamekunywa maziwa. Makaa ikishakunywa maziwa na ikauke, haikuachi. Mpaka uitoe na sosiot na maji ya moto, tena ukitoka jasho."

Nilisimama nikaondoka bila hata kuaga vizuri. Nasikia mpaka leo akiniita, "Mama Kemunto! Hukuja kuuliza shavu?"

Nilichora jogoo mwingine. Nikachukua maziwa mabichi ya ng'ombe wangu, nikamwomba kinyozi chupa yake ya kupulizia watu maji kichwani, nikampulizia jogoo kama umande. Nikamweka dirishani akauke. Nilipomgusa, makaa yalitulia! Nikaimba. Lakini kufikia jioni jogoo alikuwa na madoa yanayong'aa, yale yale ya kidevu cha mchungaji, ananuka kama ndoo isiyooshwa, na paka alikuwa amemlamba mkia mpaka karatasi ikatoboka.

Nikambeba kwenda kwa Bot Chebet. Alicheka mpaka akakaa chini. Nilifurahi kumsikia, tangu msiba hakuwa amecheka.

"Ulitumia maziwa gani?"

"Ya kawaida. Ya ng'ombe."

"Na mafuta yake ndani?"

"Na mafuta yake ndani."

"Ai, mama! Na wewe una ng'ombe nyumbani! Maziwa iko na vitu viwili. Kuna ile ya kushika na kuna ile ya kuteleza. Hii ya kuteleza inapanda juu yenyewe ukiiacha. Itoe, upake mtoto. Ile inabaki chini ndiyo inashika. Na uongeze maji, isiwe nzito."

Basi maziwa yakalala, asubuhi nikaondoa utando wa juu wote, nikayachuja kwa kitambaa, nikaongeza maji mpaka yakawa ya buluu kidogo. Nikampulizia jogoo wa tatu kutoka mbali, safu nyembamba, nikasubiri akauke, nikampulizia tena. Nikamsugua kwa kidole gumba. Nikamsugua kwa kiganja. Nikamwita kinyozi amsugue kwa taulo lake. Jogoo alikaa. Paka alimpita bila kumtazama.

Lakini shavu lilikuwa bado. Hapo maziwa yasingenisaidia, maana yangeshika hata kosa langu milele. Nikamketisha Bot Chebet mbele yangu, nikamwomba anieleze. Akajaribu. "Lilikuwa shavu tu," akasema. Kisha akasema, "Ngoja," akafumba macho, akaunyoosha mkono akanishika usoni. Mkono wake ulikuwa mgumu na una harufu ya moshi wa senetwet. Kidole gumba kikapita chini ya jicho langu.

"Wewe hapa ni pana. Yeye iliingia ndani kidogo, hapa, kama mahali maji inasimama mvua ikinyesha. Na hapa mfupa ulikuwa juu. Na hapa," akagusa karibu na sikio, "ndevu hazikuota. Alipigwa teke na ndama akiwa kijana."

Jambo hilo halikuwa hata kwenye kitambulisho. Nilichora, mkono wake ukiwa bado usoni pangu, nikifuata kila mahali kidole kilipopita, na niwaambie ukweli, wanangu, sijawahi kuuona uso wazi kama niliouona siku ile bila kuutazama. Mzee Ombati alinifundisha kuchora kwa macho yaliyofumbwa nusu. Bot Chebet alinionyesha mtu anaweza kukumbuka kwa macho yaliyofumbwa kabisa.

Nikapulizia. Picha ikakauka dirishani, sisi tukinywa chai. Kisha nikaisimamisha juu ya kiti kile kile.

"Mguse," nikasema.

"Naogopa."

"Hata mimi."

Akasogea. Akaweka kiganja chote juu ya lile shavu la kushoto, akakiacha hapo, kisha akakipitisha chini mpaka kidevuni kama alivyozoea kumwamsha. Akageuza kiganja dirishani penye mwanga, akakitazama upande huu na upande huu. Kilikuwa safi.

Hakulia. Alimwelekezea mumewe kidole, na ile sauti yake kubwa ikarudi, mpaka kinyozi akachungulia mlangoni akiwa na wembe mkononi.

"Umekataa kutoka, eh? Mkaidi! Mkaidi kama zamani!"

Picha ile haina kioo mpaka leo. Iko nyumbani kwa Chebet, na wajukuu wote wameishika. Nilipita huko mwezi uliopita nikaona shavu la kushoto limekuwa jororo na linang'aa kwa mikono, lakini liko.

Sasa mmeelewa kikombe cha mezani ni cha nini. Yaacheni maziwa yalale, mwondoe ya juu, mwongeze maji, mpulizie kutoka mbali. Simu zenu zina picha za kila mtu, nami nafurahi. Hakuna mjane atakayekosa sura ya mumewe tena. Lakini mkichora, choreni kitu kinachoweza kushikwa.

Mungu aliyeshika vumbi likawa mtu awashike na nyinyi, msomao haya, msifutike. Ayaondoe maishani mwenu yale ya kuteleza, awaachie yale ya kushika. Na mikono yenu, ikiwa myeusi kwa makaa au myeupe kwa maziwa, mtu mwenye huzuni akiishika, aione imemwachia kitu chema. Amina.